Mashine tatu, programu moja, na zote zimekataa: lazima nipige Windows upya?

SWALI

Habari ya kazi fundi. Niko na saiba ndogo hapa Njoro, wateja wangu ni wanafunzi wa Egerton na wazazi wa hapa wanaokuja mambo ya KRA na eCitizen. Niko na mashine tatu na nimeamua kuweka LibreOffice kwa zote, juu ile Office tulikuwa nayo haikuwa ya halali na imeanza kusumbua. Sasa kila mashine imekataa kivyake. Ya kwanza ni desktopu ya Windows 10, nikibonyeza faili inasema "This installation package is not supported by this processor type". Ya pili ni HP ya zamani, hiyo hata kupakua haiwezi, kila tovuti inasema "Your connection is not private", na zile zingine ziko kwa waifai hiyo hiyo na zinafungua vizuri. Ya tatu ni laptopu, mtoto wa dada yangu aliiwekea Ubuntu kando ya Windows, nikiandika ile amri aliniachia inajibu "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Fundi mmoja hapa ameniambia zote zimeingiwa na vairasi, atapiga Windows upya kwa elfu moja kila moja. Nikubali? Na ukipata nafasi, kuna mwanafunzi huja na Mac yake, nayo imekataa kufungua programu ikisema Apple haiwezi kuihakikisha. Asante.

JIBU

Salama sana dada, na pole kwa huo mzunguko. Hapana, usilipe bado. Hakuna hata ujumbe mmoja kati ya hiyo uliyoniandikia unaongea mambo ya vairasi, na nakushukuru kwa kuiandika neno kwa neno vile iko, manake wengi hunipigia kutoka Ahero ama Luanda wanasema tu "imekataa" alafu wanangoja nibuni. Mashine zako zimekuambia ugonjwa wao zenyewe, kila moja na wake, na ni moja tu kati yao yenye inaweza kufika mahali pa kupigwa Windows, na hata hiyo si lazima.

Kabla sijaanza, swali moja la saiba: hizo desktopu ziko na Deep Freeze, ile programu inayorudisha mashine vile ilikuwa kila ikiwashwa? Saiba nyingi ziliwekewa ndio wateja wasiharibu vitu. Kama iko, utaweka programu leo, ikubali vizuri kabisa, kesho ukiwasha haiko, na utalaani LibreOffice bure. Ifungue kwanza, chagua Boot Thawed, restati, weka programu yako, jaribu, ndio urudishe Frozen.

Sasa tuingie desktopu ya kwanza. Huo ujumbe wa "processor type" maana yake ni kwamba umechukua faili ya biti 64 na Windows yako ni ya biti 32. Basi. Tovuti ya LibreOffice iko na faili tofauti za Windows, moja jina lake linaishia Win_x86-64 na ingine Win_x86 peke yake, na hapo ndio watu wengi wanaanguka, wanaona 86 wanafikiria ndio kubwa kuliko 64 kwa hivyo ndio mpya. Ni kinyume. x86 tupu ndio ya biti 32. Ingia Settings, System, About, angalia mstari wa System type. Ukikuta "32-bit operating system", tafuta hiyo ya x86 tupu, na kama toleo la juu kabisa huioni, LibreOffice wako na hazina ya matoleo ya zamani kwa tovuti yao wenyewe, chukua la nyuma kidogo, barua na CV za wanafunzi hazitajua tofauti. Usiende kutafuta kwa zile tovuti zenye zina vibatani vitano vya "Download" vyenye vinameremeta, huko ndio sasa utapata vairasi ya ukweli.

Lakini soma huo mstari mpaka mwisho. Ukiona imeandika "32-bit operating system, x64-based processor", hiyo ni habari nyingine, mashine yenyewe inaweza biti 64 ni vile tu mtu aliiwekea Windows ndogo. Angalia na RAM hapo juu yake, kama ni GB 4 na kwa mabano imeandika "usable" kitu kama 3 na pointi, ujue kuna RAM umenunua na haitumiki. Hapo ndio kupiga Windows upya kuna maana, juu hakuna njia ya kutoka biti 32 kwenda 64 bila kuweka upya kutoka mwanzo. Kama RAM ni GB 2, wacha vile ilivyo, utaongeza uzito bure. Na usikubali mtu akuwekee Windows 11 kwa nguvu: hiyo haina ya biti 32 kabisa, inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na desktopu ya umri huo kwa kawaida haina. Najua Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hiyo ni sababu nzuri ya kupanga mbele, lakini si sababu ya kulipa elfu moja leo kwa ajili ya faili ulichagua vibaya.

Ujumbe mwingine unaofanana na huo, nikutajie ndio usichanganyikiwe: "This installation package could not be opened". Hiyo ni faili nusu. LibreOffice ni zaidi ya MB 300, bando ikiisha katikati ama waifai ikirukaruka unabaki na kipande chenye kina jina sawa na ile nzima. Futa, pakua tena mara moja kwa mashine yenye intaneti nzuri, alafu zungusha na flashi.

Ya pili ndio naipenda. Mashine moja kwa waifai ya watu wote inasema kila tovuti si salama na wenzake wako sawa: angalia saa. Pale chini kulia. Usiangalie tu dakika, bonyeza uone mwaka. Nina hakika karibu kabisa utakuta 2015 ama 2012 ama mwaka wenye hiyo bodi ilitengenezwa. Kila tovuti ya https iko na cheti chenye kimeandikwa kinaanza kutumika tarehe fulani na kinaisha tarehe fulani, na vyeti vingi siku hizi ni vya miezi michache tu. Sasa mashine yenye inaamini bado ni 2012 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu inaona hiki hata hakijaanza kufanya kazi, inakataa. Na iko sawa kukataa. Chrome saa zingine inakuambia wazi "Your clock is behind", saa zingine inaandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID pale chini kwa herufi ndogo zenye hakuna mtu husoma.

Rekebisha tarehe na mkono, weka saa za eneo ziwe UTC+03:00 Nairobi, fungua tovuti tena, itafunguka. Usingoje ijirekebishe yenyewe kutoka kwa intaneti, ikiwa imepotea kwa miaka mara nyingi haikubali kuruka umbali huo wote. Alafu zima, chomoa waya ya stima kabisa, kaa kidogo, washa. Ikirudi tena 2012, betri ya bodi imekufa. Ile ndogo ya mviringo, CR2032, volti 3, wanaorekebisha saa wanayo na supamaketi pia, haina bei ya kukutisha. Kwa desktopu yenye stima inapotea mara kwa mara na inazimwa kwa swichi ya ukuta kila jioni hiyo betri inafanya kazi zaidi kuliko unavyofikiria, juu waya ikiwa imechomolewa ndio peke yake inashikilia saa.

Kuibadilisha unaweza mwenyewe, lakini fanya hivi kwanza: washa mashine, bonyeza F10 mara kadhaa ikiwaka, HP nyingi za desktopu huingia BIOS hapo, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, na upige picha na simu kila ukurasa. Hasa mahali pameandikwa SATA, kama ni IDE, AHCI ama RAID. Betri ikitoka hiyo mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na kama Windows iliwekwa ikiwa AHCI sasa imejikuta IDE, itakupatia skrini ya buluu imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mtu akiona hiyo anasema diski imekufa. Diski iko sawa. Unarudisha vile picha inaonyesha, unaseti tarehe hapo hapo BIOS, unasevu. Betri yenyewe, chomoa stima, shikilia kile kitufe cha kuwasha sekunde chache, fungua kifuniko, sukuma kale kachuma ka pembeni, betri inaruka yenyewe, mpya inaingia upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu.

Kwa sasa kabla hujapata betri, naomba kitu kimoja: usiwafundishe wateja kubonyeza Advanced alafu Proceed ndio wapite. Najua mwezi wa sita foleni ya returns ikifika mlangoni mtu anataka tu ifunguke kabla ya tarehe 30, lakini huyo mzazi anaweka pin na paswedi yake ya iTax, ile tovuti ya ushuru ya KRA, hapo, na siku ile onyo litakuwa la ukweli mtakuwa mmezoea kulipita.

Kama saa iko sawa mpaka mwaka na bado inasumbua, basi hiyo Windows haijapata apdeti miaka mingi na orodha yake ya vyeti vikuu imezeeka. Leta Firefox na flashi, hiyo inakuja na orodha yake yenyewe. Ikiwa ni Windows 7, chukua Firefox 115 ESR, za juu yake hazikubali hapo.

Laptopu sasa. Nianze na kuuliza: umeangalia kama LibreOffice haiko tayari? Ubuntu nyingi huja nayo. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Writer. Ikitokea, kazi imeisha, funga hiyo terminali. Matoleo kutoka 23.10 huweka vitu vichache kama hukuchagua ile kubwa wakati wa kuweka, kwa hivyo inawezekana kweli haiko.

Ikiwa haiko, huo ujumbe wa "lock" ni Ubuntu inasema kuna mwingine anatumia mlango saa hii. Mara nyingi ni yenyewe, umewasha tu na imeanza kujipakulia apdeti za usalama nyuma ya pazia, na ukiangalia mwisho wa ujumbe utaona jina limekatwa, "unattended-upgr". Ingoje imalize. Ni hiyo tu. Kwa intaneti ya polepole inaweza kuchukua muda, na ndio, inakula bando, kwa hivyo iwashe mahali pa waifai. Huko mtandaoni utakuta mtu anakuambia futa hizo faili za lock na rm, usifanye hivyo programu ingine ikiwa bado inaandika, utaharibu orodha yote ya programu na hapo ndio utahitaji fundi wa ukweli. Ikimaliza:

sudo apt update
sudo apt install libreoffice

Kama stima ama betri ya laptopu iliwahi kukata katikati ya apdeti, itakuambia dpkg, ile inayoweka programu za Ubuntu, ilikatizwa, na kwa uungwana wake inakuandikia na dawa kabisa, wewe unanakili tu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Na ile faili ya msi ulipakua ya Windows usijaribu kuibonyeza huku, hii ni nyumba nyingine. Kitu kingine utakiona kwa laptopu hiyo: ukitoka Ubuntu kuingia Windows, saa inarudi nyuma masaa matatu kamili. Si betri. Ubuntu huweka saa ya bodi kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC jumlisha 3. Ukiwa Ubuntu andika timedatectl set-local-rtc 1, mara moja tu. Itakuonya kidogo kwamba haipendi hiyo mipangilio, kwa laptopu ya saiba ipuuze.

Huyo kijana wa Mac, kama programu ameitoa kwa tovuti ya waliotengeneza, ajaribu kuifungua ikatae, bonyeza Done, asibonyeze Move to Trash, alafu aingie System Settings, Privacy & Security, ateremke chini kabisa atakuta jina la programu na kitufe cha Open Anyway. Zamani ulikuwa unabonyeza Control na maus unapita, tangu macOS Sequoia ya 2024 hiyo njia ilizibwa. Na yeye pia aangalie About This Mac kama imeandikwa Chip ama Processor Intel, juu LibreOffice ya Mac nayo ni faili mbili. Kama hiyo programu aliipata kwa grupu ya WhatsApp, wacha Mac iendelee kukataa.

Anza na ile ya saa, ndio inakuzuia kazi ya wateja. Na ukikwama kwa yoyote nitumie picha ya skrini nzima, pamoja na ile pembe ya chini ya tarehe.