Muulize Bi Mkubwa: Bei ya picha na bei ya mlangoni

Shikamoo Bi Mkubwa. Niko Morogoro. Nimeona blenda Instagram, muuzaji yupo Kariakoo, anauza 65,000. Blenda hiyohiyo, hadi rangi, duka la hapa mjini wanasema 85,000. Mume wangu anataka ninunue hapahapa niishike kwa mkono wangu. Mimi naona elfu ishirini si ya kuchezea. Muuzaji anataka nilipe kwanza ndipo atume. Tuamue.
*Mama wa Kihonda*

Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu kwanza, ubishi baadaye.

Hiyo 65,000 ni bei ya picha. Ukimwambia muuzaji uko tayari, neno litakalofuata ni "tuma na ya kutolea". Makato yako ya kutuma na yake ya kutolea, weka elfu nne. Bodaboda wa kutoka Kariakoo hadi stendi ya Mbezi haendi bure, weka elfu tano. Kifurushi kwenye basi, elfu tano nyingine. Ukifika Msamvu kuuchukua mzigo, bodaboda wa kukurudisha Kihonda atataka elfu mbili. Jumlisha: 81,000. Elfu ishirini yako imebaki elfu nne, na blenda bado hujaisikia ikinguruma.

Sasa hiyo 85,000 ya dukani nani kakuambia ndiyo bei? Hiyo ni salamu. Nimeuza kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru miaka kumi na tisa, na sikumbuki mteja aliyelipa bei niliyoitaja kwanza, isipokuwa wale wenye haraka. Ingia asubuhi, duka likiwa halijachangamka. Usiulize bei ya blenda peke yake. Shika na kitu kingine ambacho ulikuwa unakihitaji hata hivyo, pasi au chupa ya chai, halafu uliza, "Nikichukua vyote viwili unanifanyia ngapi?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndipo wengi wanaposhindwa. Wanajibu wenyewe kabla muuzaji hajafungua mdomo. Akishuka hadi 78,000, mume wako kashinda kesi.

Kabla ya kulipa, mwambie aichomeke kwenye umeme mbele yako, na utie maji kwenye jagi. Blenda tupu haisemi ukweli. Litazame jagi kwa chini: kuna kidude cha mpira kinachokamatana na mota. Hicho ndicho kinachokufa kwanza, wala si mota. Muulize kama anacho cha akiba na ni shilingi ngapi. Akikuambia hakipatikani, unanunua pambo. Dai risiti ya EFD na maneno ya waranti yaandikwe, siyo "ikisumbua we njoo tu".

Usidhani nawachukia wa mtandaoni. Mwaka juzi niliagiza seti ya sufuria saba kwa muuzaji mmoja mwenye picha nzuri kuliko za harusi yangu. Zilipofika, zilikuwa zimeingiana kama kofia za watoto wa madrasa, na lile kubwa kuliko yote halitoshi ubwabwa wa watu wanne. Hakunidanganya, alisema saba, zikaja saba. Mimi ndiye sikuuliza upana. Tangu siku hiyo namwomba muuzaji anitumie video fupi ya bidhaa ikiwa na futi kamba kando yake. Mwenye mzigo mkononi huituma ndani ya dakika tano. Yule anayeokoteza picha za wenzake huanza kukueleza habari za mtandao kusumbua.

Bi Mkubwa, mimi ni mama lishe Mbagala. Nyumbani nanunua kwa mangi kila siku: sukari robo kwa 900, mafuta ya kupima ya buku. Shoga yangu ananicheka, anasema ninanunua kimaskini, ninunue jumla. Ana haki?
*Msomaji, Mbagala Rangi Tatu*

Nusu tu, mwambie asicheke sana.

Sukari: robo nne kwa 900 ni 3,600. Kama kilo nzima hapo kwenu ni 3,200, mangi anakula mia nne kwa kila kilo. Mafuta nilikuomba uyapime, na umenitumia jibu zuri: vipimo vitatu vya buku vinajaza chupa ya maji ya nusu lita. Kwa hiyo lita ni 6,000, na kwa mwezi wa siku thelathini unatumia lita 5 kwa 30,000. Dumu la lita 5 uliloliulizia ni 27,000. Faida yako ni elfu tatu kwa mwezi.

Lakini nikuambie jambo ambalo shoga yako hajakuambia. Dumu likiwa jikoni mkono unakuwa mwepesi. Mafuta ya kupima unayamimina kwa huruma. Ya dumu unayamimina kama ya baba mkwe. Ukilimaliza dumu siku ya ishirini na tano badala ya thelathini, kila siku imekula zaidi ya elfu moja, na afadhali ungebaki kwa mangi. Ukinunua dumu, lifungie chumbani. Jikoni peleka ile chupa yako ya nusu lita, na uifanye ikae siku tatu kama zamani.

Halafu kuna daftari. Umeniambia mwezi wa saba ulipougua, mangi alikukopesha wiki mbili bila kukuuliza utalipa lini. Ile mia nne ya sukari, kwa sehemu, ndiyo inayolipia daftari hilo. Mimi ningehamisha mafuta na mchele kwenye jumla, nikamwachia mangi sukari, chumvi, viberiti na salamu za kila asubuhi. Mchele nao si lazima ubebe gunia peke yako: mko watano kwenye upatu wenu, changeni gunia moja, mgawane kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Usikubali kugawana kwa kopo. Urafiki mwingi umeishia kwenye kopo.

Nimepata simu ya mtumba hapa Mwanza kwa nusu ya bei ya dukani. Muuzaji anasema ana shida ya hela ya haraka. Niichukue?
*Kijana wa Nyegezi*

Shida yake isikuharakishe wewe. Bonyeza *#06# kwenye simu hiyo, zitatokea namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na usubiri jibu. Ukiletewa jina la aina nyingine ya simu tofauti na unayoishika, mrudishie na uage vizuri. Likifanana, bado hujamaliza: kufanana hakuambii simu ni ya nani. Omba risiti aliyonunulia na boksi lake, ulinganishe namba zilizoandikwa kwenye boksi na zile za kwenye kioo. Kisha muandikishiane, jina na namba ya kitambulisho chake cha NIDA, mbele ya mtu wa tatu.

Ukimtajia kitambulisho akakumbuka ghafla kwamba ana safari, msindikize hadi barabarani na hela yako ikiwa mfukoni.