Taa za LED kwenye boti ya matembezi
Ndugu, mikanda ya LED ya mapambo ya nyumbani uliyouliza itawaka kwenye betri ya boti yako ya volti 12, lakini sikushauri kuifunga, kwa sababu injini inapochaji betri umeme hupanda hadi kupita volti 14, na mikanda hiyo huungua mapema. Nunua taa zinazohimili volti 10 hadi 30, zenye kinga ya IP67, yaani zisizoingiza vumbi wala maji. Tumia nyaya za shaba zilizopakwa bati, kwani shaba tupu huliwa na chumvi ikageuka kijani ndani ya ganda lake, na uweke fyuzi karibu na betri. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ikikwaruza kila unapowasha taa, ujue taa ndizo zinazoiingilia; zibadilishe mara moja, maana redio hiyo ndiyo utakayoombea msaada.