Mahindi yamekauka, tutajuaje kama urea imelipa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Himo, Moshi, tuna shamba la familia heka tatu huku tambarare, baba ndo msimamizi, mimi na kaka yangu tunamsaidia. Masika hii niliomba tufanye jaribio la mbolea ya urea kwenye heka moja, tukaigawa vipande vinne virefu kutoka mferejini mpaka barabarani. Cha kwanza hatukuweka urea kabisa, cha pili tuliweka kwa kiwango cha kilo 25 kwa heka, cha tatu kilo 50, cha nne kilo 75. Kupandia tulitumia DAP sawasawa kote. Sasa kile kisicho na urea, upande wa mferejini mahindi yamenona kuliko hata ya kilo 50, baba akiyaona anasema si mnaona, hela ya urea tunatupa kila mwaka. Kaka naye anasema cha kilo 75 ndo kimebeba, tuongeze. Mimi nimekumbuka pale mferejini zamani palikuwa na zizi la babu. Lori la mnunuzi linakuja wiki ijayo na kaka anataka tuvune yote tuchanganye. Je jaribio limeharibika? Na nivune vipi nijue ukweli?
Binti wa Himo

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili maana umefanya kitu ambacho familia nyingi huku kwetu hazijawahi kufanya, umeacha kipande bila urea ukakubali watu wakuseme. Hicho kipande ndo cha thamani kuliko vyote vinne, kwasababu bila hicho hujui ardhi yenyewe inakupa nini bure, unabaki kulinganisha mbolea na mbolea.

Jaribio halijaharibika ila limeumia, na lilipoumia ni hapo kwenye zizi. Samadi ya miaka mingi ikikaa ardhini haiishi kwa siku moja, vijidudu vya udongo vinaivunja kidogo kidogo na kila masika inaachia naitrojeni, chakula kilekile cha mmea kilichomo kwenye urea, ndo maana mahindi ya pale yamenona bila urea. Kwahiyo baba yako anachokiona ni kweli kabisa, ila ni kweli ya pale zizini, sio ya heka tatu nzima. Usibishane nae kwa maneno, tembea nae mpaka upande wa barabarani kwenye kipande hichohicho muangalie pamoja. Kama majani ya chini yalikauka mapema kuanzia nchani yakifuata mshipa wa katikati kama umbo la V, hiyo ni njaa ya naitrojeni, mmea unanyang'anya majani ya chini ili ulishe ya juu na punje.

Na kitu kingine, hicho kipande sio sifuri ya kweli. DAP nayo ina naitrojeni asilimia 18, mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 9. Andika kwenye daftari "sifuri ya urea", baada ya miaka miwili hutakumbuka.

Sasa uvunaji, hapa naomba unisikilize vizuri maana majaribio mengi yanafia hapa, watu wanalima vizuri, wanapalilia, wanakuzia kwa wakati halafu siku ya kuvuna wanaangalia kwa macho. Macho yanapenda hindi kubwa na hayahesabu mashina yaliyokosa hindi. Msimu mmoja pale kwetu Usa River tulipoteza jaribio zima kwasababu viroba vilikaa usiku mmoja ghalani bila alama, asubuhi hakuna aliyejua kipi ni kipi, na shamba lilikuwa limeshasafishwa. Iliniuma sana. Toka hapo kila kiroba naweka karatasi mbili, moja ndani moja nje, na naandika kwa penseli maana wino wa kalamu ukipata unyevu unafutika.

Hakikisha kwanza yamekomaa. Bandua punje katikati ya hindi, kwangua kwenye kitako chake pale iliposhikana na gunzi, ukikuta alama nyeusi ujue punje imeshafunga, haiongezeki tena uzito, kilichobaki ni kukauka tu.

Halafu kabla kaka hajaingiza wavunaji, kwenye kila kipande chagua sehemu nne kwa kupima hatua, usichague kwa kupenda, mfano kila baada ya hatua 20, na eneo la zizi liruke ukalivune peke yake. Acha mistari ya pembeni, ile inayopakana na kipande jirani, mizizi yake imeonja mbolea ya mwenzake. Chukua mistari miwili ya katikati, pima kwa tepu mita 5 kila mstari, vuna kila kitu humo, hata vihindi vidogo vya vidole, na hesabu mashina. Kama mlipanda sentimita 75 mstari kwa mstari, hapo umevuna mita za mraba 7.5. Heka ni mita za mraba 4,047 hivi, kwahiyo kila kilo 1 ya punje kwenye hiyo sehemu ni sawa na kilo 540 kwa heka. Ukipata kilo 3 ni kilo 1,620, yaani gunia 16 za kilo mia na chenji. Umeona sasa kwanini mizani ya kubahatisha haifai, ukikosea gramu 100 tu umekosea nusu gunia kwa heka! Mizani ya kidijitali ya dukani inatosha, azima hata kwa muuza nyama.

Pukuchua ndo upime, gunzi halina kazi kwenye hesabu. Na unyevu mwanangu, usiusahau, maana mahindi yaliyokosa naitrojeni mara nyingi yanakauka mapema na yaliyoshiba yanabaki kijani muda mrefu, kwahiyo siku moja ya kuvuna unakuta vipande havilingani unyevu, na maji nayo yana uzito. Ukiwa na kipima unyevu, wenye maghala wengi wanacho, fanya hivi: anza na 100 toa asilimia ya unyevu, jibu lake zidisha kwa uzito, gawanya kwa 86.5, hapo umeleta yote kwenye unyevu wa asilimia 13.5 ambao ndo kikomo cha mahindi ya sokoni Afrika Mashariki. Chukua kilo 3 zenye unyevu wa asilimia 20, zinabaki kama 2.77, wakati kilo 2.9 zenye asilimia 15 zinabaki 2.85. Yani iliyoonekana nyingi imegeuka ndogo. Huna kipima? Anika sampuli zote kwenye turubai moja jua moja mpaka zikauke sawa, pima upya. Ya kuchanganya kwenye lori hayana shida, sampuli zako 16 tu ndo zisiguswe, na pale zizini ongeza ya 17.

Ukishapata namba usiangalie kipande gani kimetoa zaidi, hapo ndo kaka yako anakosea. Angalia kila hatua imeongeza nini. Kutoka 0 kwenda 25 umeongeza kilo ngapi za mahindi kwa heka, 25 kwenda 50 ngapi, 50 kwenda 75 ngapi. Kila hatua ni nusu mfuko wa urea, ni kilo 11.5 za naitrojeni, na kawaida hatua ya kwanza inaruka sana, ya pili kidogo, ya tatu inaweza isiongeze kitu. Linganisha bei ya nusu mfuko na nauli yake na kibarua, na bei ya hayo mahindi yaliyoongezeka siku unayouza. Pale nyongeza isipolipa nusu mfuko ndo unasimama, hata kama hindi la kilo 75 ni kubwa machoni.

Lakini hizo sehemu nne ndani ya kipande kimoja hazitoshi kuapa, kipande kizima kinaweza kuwa kimebahatika udongo. Masika ijayo rudia viwango vyote mara tatu au nne kwenye ploti ndogo na mpige kura ya bahati nasibu ipi inakaa wapi. Mita 6 kwa 6 ni mistari 8, mnavuna ya katikati. Kule Uingereza, Rothamsted, kuna shamba la ngano linaitwa Broadbalk, jaribio lake lilianza 1843 na mpaka leo kuna kipande ambacho hakijawahi kupewa mbolea, wanakitunza kama mboni ya jicho. Hapa kwetu nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian, Arusha, uwaonyeshe daftari lako.

SWALI: Habari ya kazi mzee, mimi ni kijana wa Ngaramtoni. Nilimwaga urea juu juu kwenye mahindi yaliyofika magotini, mvua ilikuwa imenyesha jana yake kisha jua likawaka siku nne mfululizo, shamba likanuka kama choo na majani bado yakawa ya njano. Jirani aliweka mbolea ya CAN mfuko mmoja kama mimi, yake yakakolea. Je urea yangu ilikuwa feki?

JIBU: Salama kijana wangu. Siwezi kuhukumu mfuko nisiouona, ila hiyo harufu imeshajieleza, ni amonia, ndo naitrojeni yako ikipaa. Urea ikikaa juu ya udongo wenye unyevu, vimeng'enya vya udongo vinaigeuza amonia haraka, na jua likiwaka bila mvua ya kuizamisha inaondoka na upepo. CAN haipotei hivyo kwa urahisi, ndo maana ya jirani ilifika, ingawa kwa hesabu wewe uliweka nyingi zaidi, mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 na wa CAN ni kama 13 tu. Siku nyingine chimba kishimo chenye kina cha sentimita 5 hadi 7 pembeni ya shina, weka, fukia hapohapo, hata kama kibarua kitaongezeka. Na gawa mara mbili, nusu yakiwa magotini na nusu kabla mbelewele hazijatoka, maana ukiweka yote mapema na mvua kubwa ikashuka, ile iliyokwisha kugeuka naitreti, yaani naitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, inazama chini na maji mizizi isiifikie.

SWALI: Mabua tuwape ng'ombe au tuyaache shambani? Mama wa Kahe.

JIBU: Shikamoo mama. Kama una ng'ombe wape, ila samadi irudi shambani kabla jua na mvua havijaimaliza nguvu, ifunike. Kila tani ya punje unayouza inaondoka na naitrojeni ya kama kilo 12 hadi 15, mabua nayo yakiondoka bila samadi kurudi unalipunguza shamba mara mbili. Ukiyaacha, yakate uyalaze mapema baada ya kuvuna, usisubiri kuyafukia siku ya kupanda, maana mabua makavu yakianza kuoza vijidudu vinakula naitrojeni ya udongo na mche mdogo unabaki wa njano wiki kadhaa. Na ukiweza mama, acha vipande viwili pembeni, kimoja chenye mabua na kimoja bila, pima kama nilivomwambia binti wa Himo.