Chupa ya mofini ya bibi yako

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama chupa ya mofini aliyopewa bibi kwa maumivu ya saratani yake maana yake madaktari wamekata tamaa, na kama kulala kwake tangu juzi ni dawa inayommaliza. Yote mawili hapana. Mofini hutolewa kwa ukali wa maumivu, si kwa hesabu ya siku zilizobaki. Inaogopwa kwa sababu wengi huipata wakiwa mahututi, wakafa kesho yake, lawama ikabaki kwenye chupa. Kampala, shirika la Hospice Africa Uganda wanawapa wagonjwa mofini ya maji wanywe nyumbani kwao tangu 1993, na tangu 2004 hata wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaruhusiwa kuiandika. Bibi anafidia usingizi alioukosa kwa maumivu. Siku mbili tatu atachangamka.

Mjomba wako asingoje bibi alie ndipo ampe. Mofini ya maji hudumu kama muda wa saa 4 tu, na maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Fuateni alivyoandikiwa: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili ya saa 8 usiku iachwe, mlale. Pimeni kwa bomba lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kila chupa mpya, soma kwanza miligramu ngapi zimo katika mililita 5. Ziko za 5 na ziko za 50, na ukipima ya 50 kama ya 5 umempa mara kumi.

Sasa choo. Kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, usingizi pia, lakini kufunga choo mwili hauzoei, na hapo ndipo wagonjwa wengi huikataa mofini. Dawa ya kusaidia kupata choo, kama bisakodili, huanza siku ile ile ya mofini. Kama hajaandikiwa, iulizie leo. Akikaa siku kadhaa bila choo kisha yakaanza kutoka majimaji kidogo kidogo, msimpe dawa ya kuzuia kuhara: huenda yanapenya pembeni ya choo kilichokwama. Wapigieni kliniki.

Uraibu usikutishe kwa mgonjwa mwenye maumivu ya saratani. Ila msiikatize ghafla. Hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo.

Kinachotakiwa kukushtua ni hiki: hazinduki ukimwita na kumtikisa, anapumua polepole mno, mikono inarukaruka, au anaweweseka. Pengine figo zimeshindwa kuitoa dawa. Zuia dozi inayofuata, piga simu papo hapo.

Maumivu yakichomoza kabla ya saa yake, mpe ile dozi ya ziada aliyoandikiwa, andika saa kwenye daftari, na inayofuata itolewe kwa wakati wake vilevile. Dozi za ziada zikiwa nyingi kwa siku, daktari ataongeza kipimo kwa kuliangalia hilo daftari. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na ikifika robo mtu aende kuchukua nyingine, maana duka la dawa la mtaani hamtaipata.

Mama yako