Mwenzako Akifungua Mnada: Ushauri kwa Wanaoanza Kucheza Briji

Wengi wanaojiunga na meza za briji hapa Mombasa hawaji mikono mitupu. Wamekulia barazani, wamecheza wahedi wa sitini tangu utotoni, wanajua turufu ni nini, wanakumbuka karata zilizokwisha kutoka, na hata garasa hawalitupi ovyo. Kwa hiyo sehemu ya kucheza karata zenyewe huishika upesi. Kinachowatatiza ni mnada unaotangulia mchezo, na katika mnada huo kinachowatatiza zaidi ni zamu yao ya kumjibu mwenzao baada ya yeye kufungua kwa dau la kwanza.

Sababu ya ugumu huo ni kwamba katika briji hulipwi kwa ulichoshinda tu, bali kwa ulichoahidi kisha ukakishinda. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama, alipanga upya hesabu ya mchezo huu hivi kwamba zawadi kubwa hupata yule tu aliyeitaja katika mnada. Duru za karata ni 13, na sita za kwanza hazihesabiwi katika dau. Anayetaja kopa moja ameahidi duru saba, na anayetaja kopa nne ameahidi duru kumi. Kila duru ya kopa au shupaza iliyoahidiwa huleta alama 30, ya pau au uru 20, na ya bila turufu 40 kwa ile ya kwanza na 30 kwa zinazofuata. Mkataba, yaani dau la mwisho la mnada, ukifikisha alama 100 huitwa gemu, na katika mashindano huongezewa zawadi ya 300 au 500. Ndiyo maana watu huzifukuzia bila turufu tatu, kopa nne na shupaza nne, na ndiyo maana jibu unalompa mwenzako lina uzito kuliko linavyoonekana: wewe ndiwe unayeona upande wa pili wa hesabu.

Kabla ya kuketi, ulizaneni. Wapo wachezaji waliofundishwa kwa mtindo wa Waingereza uitwao Acol, ambao bila turufu moja yao huwa na pointi (nguvu za karata za mkononi) 12 hadi 14, na kopa au shupaza hufungua hata wakiwa na karata nne tu. Wapo pia, hasa vijana waliojifunza kwa simu kupitia Bridge Base Online, wanaofuata mtindo wa Kimarekani, ambao bila turufu moja yao ni pointi 15 hadi 17, na kopa au shupaza hufunguliwa kwa karata tano au zaidi. Mitindo yote miwili ni mizuri. Kibaya ni wawili kukaa upande mmoja, kila mmoja na wake moyoni. Katika maelezo haya nitafuata ule wa Kimarekani.

Hesabu ya pointi bila shaka umeshaisikia: ree ni 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, na pakiti nzima ina 40. Pande zenu mbili zikifikia 25 au 26, gemu ya kopa, ya shupaza au ya bila turufu inafaa kujaribiwa. Gemu ya pau au uru, ambayo inadai duru 11, huhitaji kama 29, na mkataba wa duru 12 huhitaji kama 33. Mwenzako akifungua kwa dau la kiwango cha kwanza, yaani la duru saba, katika aina yoyote kati ya pau, uru, kopa na shupaza, ana pointi zisizopungua 12 au karibu yake, na anaweza kuwa na hadi 21. Upana huo ndio unaokukataza kupita ukiwa na pointi 6, maana iwapo yeye ana 19 au 20, gemu imo mezani. Ukiwa na 5 au pungufu, pita kwa amani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, mwanafunzi angefundishwa kabla ya jedwali lolote. Majibu yote unayoweza kumpa mwenzako yamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni madau yenye mpaka, ambayo humweleza mwenzako una nguvu kiasi gani, si zaidi wala si pungufu, kisha humwachia yeye aamue. Ana ruhusa ya kupita. Fungu la pili ni madau ya lazima, ambayo hayana mpaka wa juu, na mwenzako haruhusiwi kupita hata kama amefungua kwa nguvu hafifu kabisa. Kumpandisha katika aina yake ni dau lenye mpaka. Kutaja bila turufu ni dau lenye mpaka. Kutaja aina mpya, ikiwa hujapita hapo awali, ni dau la lazima. Kila unapotaka kujibu, jiulize kwanza: je, ninaridhika mwenzangu akipita hapa? Ukiwa na jawabu la swali hilo, nusu ya makosa ya wanaoanza yatakuepuka, kwa sababu makosa hayo hayatokani na kuhesabu vibaya, bali na kutaja dau linaloweza kupitwa wakati mtu anataka kuendelea, au kumlazimisha mwenzake aendelee wakati yeye hana kitu.

Tuanze na kumuunga mkono. Mwenzako amefungua kopa moja, nawe umeshika shupaza 8 na 3; kopa mfalme, 9, 6 na 4; uru malkia, ghulamu, 7 na 5; pau 10, 6 na 2. Pointi zako ni 6. Yeye ana kopa tano au zaidi, wewe unazo nne, basi mna turufu tisa kati ya 13, na hakuna haja ya kutafuta kwingine. Mara tu aina yenu inapothibitika, karata chache katika aina nyingine huwa ni faida, kwa sababu utaweza kukata kwa turufu. Wengi huongeza pointi 1 kwa aina yenye karata mbili, 3 kwa yenye karata moja, na 5 kwa aina usiyonayo kabisa. Mkono huu basi una 7, na jibu ni kopa mbili. Dau hilo linasema pointi 6 hadi 9 au 10 na turufu tatu au zaidi. Ungekuwa na 10 hadi 12 pamoja na turufu nne ungetaja kopa tatu, ambayo ni mwaliko wa gemu. Kuruka moja kwa moja hadi kopa nne ni jambo jingine: wenyeji wa mchezo huliweka kwa mkono dhaifu wenye turufu tano na aina fupi, kwa nia ya kuwafungia wapinzani njia kabla hawajakutana. Anayeanza huona ajabu kwamba dau la juu zaidi ndilo la mkono dhaifu zaidi, lakini akilifikiria kwa upande wa wapinzani ataona lina akili.

Pale ambapo hamna mwafaka, yaani turufu za kutosha kati yenu, katika aina ya mwenzako, taja yako. Katika kiwango cha kwanza unahitaji karata nne na pointi 6 tu. Katika kiwango cha pili, bila kuruka, unahitaji 10 au zaidi, kwa kuwa unamsukuma mwenzako juu bila kujua kama mtakutana. Kanuni hii ndiyo inayoamua mikono mingi migumu. Chukua mfano huu: shupaza mfalme, 10, 8 na 4, kopa 7 na 2, uru ree, malkia, 9, 6 na 3, pau 5 na 4. Mwenzako amefungua kopa moja. Uru zako ni tano na ni nzuri, na mkono wote unatamani kusema uru. Lakini pointi zako ni 9, na uru iko chini ya kopa (ngazi za mnada kutoka chini ni pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu), kwa hiyo kuitaja kungekupeleka kiwango cha pili, mahali usipostahili kufika. Jibu ni shupaza moja, ingawa shupaza ni nne tu. Umeonyesha aina yenye thamani kubwa, umekaa chini, na mwenzako atasema tena kwa sababu umetaja aina mpya. Ungekuwa na pointi mbili zaidi, uru mbili ingekuwa sawasawa.

Ukiwa na aina mbili za karata nne nne, taja iliyo chini kwanza. Mwenzako akifungua uru moja nawe una kopa nne na shupaza nne, sema kopa moja. Akiwa na kopa nne atakupandisha, na akiwa na shupaza nne atazitaja mwenyewe bila ya ninyi kutoka kiwango cha kwanza. Zikiwa tano tano, hali hugeuka: taja ya juu kwanza, upate nafasi ya kuitaja ya chini baadaye.

Bila turufu moja kama jibu ni kapu la mikono yote yenye pointi 6 hadi 9 au 10 isiyo na pa kwenda. Haimaanishi kwamba mkono wako umekaa sawa kila upande, yaani karata zimegawanyika karibu sawa katika aina zote. Huenda ukawa na uru sita. Inamaanisha kwamba huna mwafaka, huna aina ya kutaja katika kiwango cha kwanza, wala huna nguvu za kiwango cha pili.

Mikono yenye nguvu huwaponza watu kwa haraka. Jioni moja huku Tudor, kijana mmoja aliyekuwa na pointi 17 na pau sita alimsikia mwenzake akifungua shupaza moja, naye akataja bila turufu tatu pale pale. Mwenzake, bi mkubwa aliyecheza mchezo huu tangu ujana wake, alipita, kwa kuwa dau lile lilimwambia kuna pointi kama 15 tu na hapana la kutafuta. Duru 12 za pau zilikuwa wazi. Baada ya karata kuwekwa chini, kijana alisema, “Bibi, niliogopa usije ukapita.” Naye akamjibu, “Mwanangu, pau mbili ningeipitaje?” Jibu la bi mkubwa ndilo somo lote la mikono yenye nguvu. Dau la aina mpya halipitwi, kwa hiyo lina nafasi ya kubeba pointi 10 na pia pointi 20. Ukiwa na nguvu, nenda polepole. Sikiliza maelezo ya mwenzako kwa gharama ndogo, kisha amua. Mkono wenye 13 na kuendelea na turufu za kutosha nao hutumia njia hiyo: taja aina mpya kwanza, kisha zamu inayofuata nenda kwenye gemu ya aina yake.

Mwenzako akifungua bila turufu moja, kazi hubadilika kabisa. Ameshajieleza ndani ya pointi tatu, 15 hadi 17, na mkono wake umekaa sawa. Hana la kuongeza, basi uamuzi ni wako. Ukiwa na mkono uliokaa sawa wenye 8 au 9, taja bila turufu mbili kumwalika; ukiwa na 10 hadi 15, taja bila turufu tatu. Ukiwa na 8 au zaidi na kopa nne au shupaza nne, taja pau mbili, ambayo haihusiani na pau: ni swali liitwalo Stayman, naye atajibu uru mbili ikiwa hana aina yoyote kati ya hizo, kopa mbili au shupaza mbili ikiwa anayo.

Ukiwa na kopa tano, taja uru mbili. Ukiwa na shupaza tano, taja kopa mbili. Yeye anapaswa kutaja aina inayofuata, ambayo ndiyo yako, hivyo yeye ndiye atakayecheza mkataba, na karata zako ndizo zitakazowekwa wazi mezani. Faida yake ni kwamba mkono wenye nguvu hubaki umefichwa, na karata ya kwanza ya wapinzani inauendea badala ya kuupitia. Wanaoanza hudhani hila hii ni ya mikono mizuri tu, kumbe husaidia zaidi mikono mibovu. Tuseme una shupaza ghulamu, 9, 7, 5 na 3, kopa 4, uru 10, 8, 6 na 2, pau 9, 7 na 4. Una pointi 1. Ukimwacha katika bila turufu moja, karata zako hazitashinda hata duru moja, kwa sababu hakuna njia ya kufika kwako. Shupaza zikiwa turufu, hizo ndogo ndogo zitakata kopa na kula duru mbili tatu. Taja kopa mbili, ngoja aseme shupaza mbili, kisha pita bila kusita.

Pau mbili kama dau la kufungua ni mkono wa 22 au zaidi. Hata kama huna kitu usipite, sema uru mbili ungojee. Kopa mbili au shupaza mbili kama dau la kufungua ni kinyume chake: karata sita na pointi kama 6 hadi 10. Hapo, ukiwa na turufu tatu na mkono hafifu, mpandishe uwasumbue wapinzani; ukiwa na pointi 10 au 12 na huna mwafaka, pita, hata ukiuonea fahari mkono wako.

Barazani tulizoea kukonyezana, kukohoa na kuweka karata kwa kishindo ili mwenzetu aelewe. Katika briji hayo yamekatazwa na kanuni, na kusita kwa muda mrefu kabla ya kusema pasi kunahesabika karibu sawa na kukonyeza. Ukisita, mwenzako hana haki ya kukutumia kule kusita kwako, na mkurugenzi wa mashindano anaweza kurekebisha matokeo. Kwa hiyo fikiri mapema, wakati mpinzani aliye mbele yako bado anasema, ili zamu yako ikifika useme kwa mwendo ule ule.

Mazoezi hayahitaji watu wanne. Gawa mikono minne mezani, angalia ule wa mwenzako uone angefungua kwa dau gani, ugeuze chini, kisha chukua wako uandike jibu lako na, kando yake, kama mwenzako anaruhusiwa kulipita. Fanya hivyo kwa mikono kumi kila jioni, na uipeleke ile iliyokushinda kwa mtu mzoefu wa meza yenu.