Maswali ya Wasomaji: Kiasi cha Baruti cha Kuanzia katika Bunduki ya Gumegume

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anaishi Pennsylvania, Marekani, ambako kuna msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume, yaani zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe. Amenunua gobore jipya la aina hiyo, lenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.62 usio na michirizi ndani. Kila mwindaji anamtajia kiasi chake cha baruti. Aanze na kipi? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, mwambie kwanza aulize kwa mtengenezaji ni kiasi gani cha juu ambacho mtutu huo haupaswi kuzidishiwa, kwa kuwa neno la mtengenezaji linatangulia la mwindaji yeyote, na langu pia. Akishalijua, aanze chini. Kwa risasi moja ya duara ya inchi 0.600, yenye uzito wa gramu 21 hivi, greni 50 hadi 60 (gramu 3.2 hadi 3.9) za baruti nyeusi ya daraja la FFg, alama inayoonyesha ukubwa wa chembe zake, zinatosha kuanzia. Baruti isiyotoa moshi, inayotumika katika risasi za kisasa, isiingie humo hata punje, kwa sababu mgandamizo wake hupasua mtutu wa namna hii na kumuua aliyeushika.

Huenda ameambiwa kwamba askari wa Uingereza wa karne ya 18 walishindilia zaidi ya gramu 10. Ni kweli, lakini sehemu ya baruti hiyo ilimiminwa kwenye kisahani cha kuwashia kilicho nje ya mtutu, na risasi yao ya inchi 0.69 ilipwaya ndani ya mtutu wa inchi 0.75 ili iingie upesi hata mtutu ukiwa umejaa masizi, kwa hiyo nguvu nyingi ilivujia pembeni. Mdogo wako atafunga risasi yake kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, kinachoziba nafasi hiyo, na hana sababu ya kuwaiga.

Apige risasi kadhaa kwa kiasi kimoja kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 25 hivi, kisha aongeze greni 5 tu na kurudia, bila kubadilisha kitambaa wala risasi, maana akibadilisha mambo mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililomsaidia. Baada ya kila mlio aviokote vitambaa vilivyoanguka mbele yake na kuvitazama kwa makini. Kilicho kizima, chenye weusi katikati tu, kinaonyesha kwamba mambo yako sawa. Kilichoungua au kuchanika kinaonyesha kwamba ni chembamba mno, mafuta hayatoshi, au baruti imezidi. Matundu yakianza kutawanyika kwenye karatasi, arudi kwenye kiasi kilichoyakusanya vizuri zaidi na abaki hapo, kwa sababu kulungu wa karibu hahitaji kishindo bali risasi iliyofika mahali pake.

Kipimo kiwe cha ujazo, na baruti ipitie kwenye kipimo hicho. Asiimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kubebea baruti, kwani kaa dogo lililobaki ndani laweza kuilipua pembe nzima mkononi. Risasi ishindiliwe mpaka iikalie baruti bila nafasi kati yake, na mdeki, yaani ufito wa kushindilia, utiwe alama inayoonyesha kina hicho. Kwenye kisahani atie baruti kidogo isiyofunika kitundu kinachopitisha moto kuingia mtutuni, la sivyo itaungua taratibu kama utambi na mlio utachelewa. Bunduki isipolia, aielekeze kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla ya kuigusa.

SWALI: Nina gobore la marehemu babu. Naweza kulijaribu kwa viwango hivyo? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Hapana. Magobore mengi ya vijijini yalifuliwa kwa mabomba ya maji, ambayo hayakutengenezwa kuhimili mgandamizo wa baruti, na kutu ya miaka mingi haionekani kwa nje. Aidha, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mmiliki awe na leseni. Liache lilipo bila kulijaza wala kulifyatua, kisha toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe ili uelekezwe namna ya kulikabidhi.