Jibu: Mavazi manne ya karne ya 18 kwa mwaka, udarizi hauishi

Habari ndugu. Umesema umepanga kushona mavazi manne ya mtindo wa karne ya 18 kwa mwaka mmoja, lakini kudarizi kizibao cha kwanza tu kumekula miezi mitatu.

Pima kasi yako kwanza: darizi mraba wa sentimita 5 kwa 5, andika muda. Ukitumia saa 2, eneo la sentimita za mraba 1,000 litakula saa 80. Naona vazi moja lenye udarizi mzito linatosha kwa mwaka. Mengine yashone bila nakshi.

Tena usikate kabla ya kudarizi. Chora vipande kwenye kitambaa kizima, kiwambe kwenye fremu, ukate mwishoni, kama mafundi wa wakati ule. Kipande kilichokatwa huvutika kingo.

Gauni lipimwe juu ya koseti (vazi la ndani linalobana kiwiliwili) iliyokamilika, kwa hiyo koseti na shimizi zitangulie. Kitani kifue kabla ya kukata, maana hurudi.